Daftari la Alhamisi

Chumba namba mia na kumi na nne, ghorofa ya chini,
ubavuni mwa stoo ya mifagio:
ndicho walichotupa, nasi tukakipokea.
Bomba la joto hugonga kama mdai wa kodi,
hugonga, hunyamaza, joto lisije.
Tunakaa na makoti yetu. Nje, Łódź ina theluji
iliyokanyagwa hadi ikawa rangi ya chuma.

Mimi ndiye mweka hazina. Kisandukuni mna
zloti mia mbili na kumi na mbili,
kifungo kimoja cha shati, na karatasi ya Jagoda:
nimechukua kumi na tano, nauli ya tramu, nitarudisha.
Hajarudisha. Sijamdai.
Hilo nalo nimeliandika, katika safu
ambayo bado haina jina.

Muhula uliopita Bogna alikuja na wazo: tuhesabu.
Tusilie, tusilalamike,
tuhesabu tu, si ndicho tunachofundishwa?
Kila mwanamke akikatwa kauli semina ya Jumanne,
mstari mmoja wa penseli. Mitano, fungu.
Wiki ya tisa penseli ilikuwa butu
na mafungu yalikuwa thelathini na saba.
Tukampelekea profesa jedwali, wastani wake, mkengeuko wake.
Alilisoma kwa makini, sitamsingizia.
Kisha akauliza ni nani aliyetusaidia hesabu.
Bogna akafungua mdomo amjibu,
na profesa—

basi. Thelathini na saba, na mstari mmoja.

Kinga hajaonekana tangu Novemba.
Usiku anapanga maziwa kwenye rafu za duka kubwa,
mimba ya miezi saba inamtangulia kila kona.
Tumegawana mihadhara yake: Bogna takwimu,
Jagoda fedha na benki, mimi historia ya fikra za uchumi,
yenye ndevu nyingi kuliko kinyozi awezavyo kumaliza.
Namwandikia kwa mkono wa kusomeka.
Nachora mstari wa mahitaji, pembeni natia: huu huteremka.
Saa kumi alfajiri simu inatetemeka mtoni mwa kitanda:
wa kwangu unapanda.

Bibi yangu Wiesława alifuma pamba miaka thelathini na mmoja
katika kiwanda ambacho leo ni hoteli.
Mitambo ilimla masikio; husoma midomo.
Nilipomwambia ninachosomea, nilitamka polepole, uchumi,
akasoma uchumba,
akanikumbatia, akauliza kijana ni wa kwa nani.
Nikaandika kwenye bahasha. Akatafuta miwani.
Aa, akasema, kwa sauti ya juu asiyoisikia mwenyewe,
haya, niambie basi wewe msomi:
zamu ya usiku, walitulipa kwa kitambaa au kwa saa?
Sikujua. Mwaka wa tatu chuoni, sikujua.

Alhamisi ile swali lake likawa ajenda ya kwanza.
Jagoda, mdeni wangu, ndiye aliyekwenda hifadhi ya nyaraka,
akarudi na vumbi kwenye nyusi na nakala za karatasi za mishahara.
Kwa kitambaa. Kwa mita.
Uzi ukikatika, mtambo ukisimama,
mwanamke akainama kuunga, akaunga, akaunga tena,
dakika hizo hazikuwa na daftari,
zikapotea bila habari.
Hakuna aliyesema kitu. Bomba likagonga.
Bogna akaanza kukadiria, kwa sauti ndogo,
uzi ngapi kwa zamu, zamu ngapi kwa mwaka,
na kwa mara ya kwanza mwaka huo
alifika mwisho wa sentensi.

Machi. Kinga amekuja, kachelewa,
amemlaza mtoto juu ya makoti yetu mezani,
ameomba kuazimwa kalkuleta.
Nimeandika: waliohudhuria, saba,
na mmoja aliyelala.
Ile safu nilitaka kuipa jina leo.
Imejaa ukurasa, imevukia wa pili.
Jagoda ananiuliza tena nina kumi na tano.